Kipa Aliyeonewa Huruma

Mimi Mwanabaraka, mama Suhaib, mdomo wangu hauna breki, Woolwich nzima hapa London wanalijua hilo. Siku ile nusura umharibie mtu furaha yake, basi bora niseme mwenyewe kabla kaka yangu Shaame hajanisemea.

Mtu mwenyewe ni Zdravko, Mslovenia, tukifua naye mashuka ya hospitali. Jibaba refu, vidole viwili vimepinda. Kimoja alikivunja akiwa na miaka kumi na tisa, mechi yake ya kwanza kuidakia timu ya mji wao. Cha pili mwaka waliochukua kombe. Alidaka miaka kumi na minne. Nchi yao ilipopata uhuru akaitwa timu ya taifa mara mbili, na mara zote mbili akaishia benchi. Mwaka tisini na saba goti likamkatalia, akastaafu, na mwaka uliofuata akazaliwa bintiye, Neža.

"Mwanangu hajaniona nikidaka hata mpira mmoja," aliniambia siku moja tukikunja mashuka.

Basi Idd ya mwaka 2006 Neža akaja kumtembelea, ana miaka minane. Wiki hiyo hiyo Riyadh, kipa wa timu yetu ya Wapemba, akateguka mkono akibeba friji. Kila Idd tunacheza na Wakenya wa Njenga, kwa hiyo nikamwambia Shaame, kapteni wetu, asihangaike, kipa ninaye. Zdravko alipopewa habari akaenda kununua glavu mpya.

Hapo ningekoma. Lakini lile goti lilinitia imani na huruma, nikampigia simu Serah, mke wa Njenga. Nikamwomba amwambie mumewe kwamba yule ni mgeni wetu, goti bovu, mtoto wake anamtazama, tafadhali wasimpigie kwa nguvu. Serah akakubali, nami nikajiona nimefanya jambo la maana kweli.

Jumapili uwanjani nikakaa na Neža kando ya sufuria langu la biriani. Wakenya wakawa wanapiga mipira laini, hata mimi na baibui langu ningeidaka. Kipindi kizima jezi ya Zdravko haikupata tone la tope. Neža alianza kwa kupiga makofi, baadaye akawa anachuma majani tu. Wakati wa mapumziko akamwambia babake neno kwa lugha yao. Zdravko akavua glavu polepole, akaziweka chini, nikamuuliza mtoto kasemaje.

"Anauliza kwa nini wananichezea kama mgonjwa."

Niliona haya, wallahi. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikakata uwanja na viatu vyangu vya Idd, tope hadi vifundoni, nikamtaka Njenga ayafute yote niliyosema.

"Mama Suhaib, si ni wewe ulituambia tumhurumie?" akasema. "Sasa tukimuumiza je?"

"Akiumia kaumia kwa raha zake. Mpigeni."

Wakampiga kweli. Shuti la kwanza likaingia, na Zdravko akainuka na tope masikioni, anacheka peke yake. Mengine akayatema. Shaame akasawazisha, halafu dakika ya mwisho Wakenya wakapata penalti. Njenga, ambaye hajawahi kukosa penalti tangu nimjue, akarudi nyuma hatua sita, akauachia. Zdravko akaruka, vile vidole vilivyopinda vikaugusa, ukagonga mlingoti ukatoka. Neža hakungoja filimbi, aliingia uwanjani mbio akamrukia babake pale pale topeni.

Nilipokuwa napakua biriani shaka ikaniingia. Njenga namjua, ana moyo laini, asije akawa amemhurumia tena. Zdravko naye macho yake yalikuwa yanamtafuta Njenga, na furaha imeanza kumpungua.

Njenga alikuwa ndani ya gari lake, kafunga mlango, kanuna. Serah akaja peke yake, kajiinamia, akasema mumewe hataki chakula kwa uchungu wa ile penalti. Huyu Njenga ambaye kila Idd anakula sahani tatu za biriani yangu na ukoko anauulizia, leo anataka kurudishwa nyumbani na njaa yake.

Nikamtafsiria Zdravko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampakata Neža kwenye lile goti bovu, akaomba apewe na sahani ya Njenga.