Taa ya Mafuta

Mimi Javan si mtu wa kuogopa gari. Nimeendesha magari yasiyo na breki, na moja ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya katani. Lakini siku ile, mwaka wa pili baada ya uhuru, niliiogopa pikapu ya tajiri wangu kama mtu aliyeona nyoka akiingia chini ya kitanda chake.

Mke wangu Priscilla alikuwa ameenda kwao Ukurya kusalimu, akiwa na mimba yetu ya kwanza, na uchungu ukamkuta huko kabla ya wakati. Habari ilinifikia Homa Bay nikipakia samaki wakavu. Nikashusha magunia, nikatia gari moto, nikaenda. Nilipokaribia boma lao, taa nyekundu ya mafuta ya injini ikawaka mbele yangu. Haikunitisha. Injini ilikuwa na kiu tu, na kopo la oili lilikuwa nyuma ya kiti, pamoja na debe langu la petroli ya akiba.

Tatizo ni kwamba ukweni ni ukweni. Kwetu Wajaluo mkwe hazoeani na mama mkwe, na kwa Wakurya ndiyo usiseme. Mama Nyamhanga, mamake Priscilla, alikuwa hajawahi kunitazama usoni wala kulitaja jina langu. Nikija, alipitia nyuma ya nyumba. Salamu zake zililetwa na mwanawe Nyamhanga, ambaye peke yake pale nyumbani alijidai kujua Kiswahili. Shemeji huyo aliponiona nafungua boneti, akanishika mkono.

"Wapi! Mkwe hawezi chafuka kwa boma yetu. Watu watatucheka. Ingia, kula kidogo. Sema ile kitu unataka, sisi tutafanya."

"Taa ya mafuta imewaka," nikamwambia. "Niongezeeni mafuta, twende."

Akaenda kumwambia mamake kwa Kikurya. Mimi nikameza ugali wa wimbi bila kutafuna, huku namsikia mke wangu akilia katika nyumba ya pili. Nyamhanga akarudi anatabasamu.

"Tayari, shemeji. Mama ameweka yeye mwenyewe. Ameweka mingi."

Tukamlaza Priscilla nyuma ya pikapu juu ya godoro, chini ya turubai, na mamake akapanda naye. Nilipotia moto, taa bado ilikuwa inawaka. Nikajiambia ni waya mbovu. Mwenye haraka huamini chochote.

Suna tulisimama kwenye zahanati. Muuguzi alimpapasa tumbo, akatoka akijifuta mikono.

"Mtoto amekaa vibaya. Hapa hatuna daktari wa kupasua. Kimbiza Homa Bay, na usisimame njiani."

Usisimame njiani! Nilikanyaga moto mpaka mguu ukafa ganzi. Tulipofika mbele kidogo, gari likaanza kukohoa. Likaruka, likashika, likaruka tena, na nyuma likatoa moshi mweupe. Mvua ilikuwa imeharibu njia niliyoizoea, kwa hiyo nikazunguka kupitia Rangwe, na kila mlima injini ilikuwa inagonga kama mtu anayebisha mlango kwa nguvu. Ile taa nyekundu ilinikodolea macho njia nzima.

"Javan," Priscilla aliita kutoka chini ya turubai. "Mama anauliza gari lina nini."

"Mwambie hakuna kitu."

Nilidanganya.

Kabla ya kufika Rangwe gari lilizima kabisa. Nikafungua boneti. Nikatoa plagi moja moja, nikazipangusa, nikazigusisha kwenye chuma: zote zilitoa cheche nzuri za buluu. Nikasugua pointi za kuwashia cheche kwa ubavu wa kiberiti. Nikakaza nyaya. Gari likawaka, likakohoa, likafa. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Kikavu kabisa, na Nyamhanga aliniambia wameweka mingi! Nikalala kwenye matope nikachungulia chini: hakuna hata tone lililovuja.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Oili imetiwa, haikuvuja, na haipo. Moshi mweupe. Injini inaruka. Fundi yeyote angekwambia jambo moja: ringi za pistoni zimekwisha, injini inakunywa oili yake yenyewe na kuichoma. Hiyo haitengenezwi kando ya barabara. Hiyo ni injini maiti.

"Priscilla," nikaita.

Hakujibu.

"Priscilla!"

Nikasikia kama mtu anayevuta pumzi kupitia kitambaa, basi. Hakuna gari jingine lililopita. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikashika kichwa, nikamlilia Nyasaye, Mungu wetu, mimi mtu mzima, nikamwambia achukue gari, achukue kazi, aniachie yule mwanamke. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamrudisha vipi kwao, na nani atamwambia mamake, wakati mamake alikuwa pale pale.

Nikasikia miguu kwenye matope nyuma yangu. Sikugeuka, maana nilijua ni nani.

"Javan."

Jina langu, kinywani mwa mama mkwe! Nywele zilinisimama. Nilipotupa jicho, alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima, uso ameuelekeza mashambani, mkono mmoja ameunyoosha nyuma kunielekea. Mkononi mlikuwa na chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Taa bado nawaka, mimi naona," alisema. "Ile mafuta ya taa ya kuuza, mimi namwaga yote kwa tangi, nusu debe. Hapana tosha. Hii ndio nabaki. Weka, mwanangu. Mtoto nakufa."

Nikaichukua chupa. Nikang'oa gunzi, nikanusa. Pua yangu ilikuwa imekufa kwa samaki wa miaka mingi, lakini pale karibu hata mimi nilijua. Mafuta ya taa. Taa ya mafuta, mafuta ya taa! Nyamhanga na Kiswahili chake! Nikaiziba tena chupa, nikaitia mfukoni, nikakimbilia nyuma ya kiti: kopo la oili lilikuwa pale pale, halijafunguliwa.

Kwa hiyo injini haikuwa imekula oili. Haikuwa imepewa. Ilikuwa ina kiu vile vile, na huku ikinyweshwa mafuta ya kandili badala ya petroli.

Mama mkwe alikuwa amesharudi chini ya turubai. Nikafungua nati ya tangi, nikamwaga yote yaliyokuwamo mtaroni. Nikakausha kabureta, nikatia petroli ya akiba kutoka kwenye debe langu, nikamimina oili kopo zima. Nati iliniangukia mara mbili. Nikatia moto. Injini ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia ikanguruma vizuri. Taa nyekundu ikazimika. Nililia waziwazi, nikaendesha nikilia, na hofu haikuniacha, kwa maana chini ya turubai bado palikuwa kimya.

Hospitali ya Homa Bay wakampokea mlangoni wakamkimbiza ndani. Mimi nikakaa kwenye benchi la barazani. Mama mkwe akakaa upande wa pili kabisa, amenipa mgongo. Hatukuwa na Priscilla wala Nyamhanga wa kupitishia neno. Kila mlango ulipofunguka nilisimama.

Hatimaye muuguzi akatoka, akasema maneno yake mbiombio, akaondoka. Niliona mabega ya mama mkwe yakikaza. Hakuelewa. Nikageukia ukuta.

"Ukuta," nikasema polepole, nikilipima kila neno, "mwambie Mama. Mtoto yuko hai. Ni msichana. Priscilla yuko hai."

Nikasikia kilio kidogo ndani ya kanga. Kilidumu sana. Kilipokwisha, naye akaugeukia ukuta wa upande wake.

"Ukuta, uliza Javan. Ile taa ya gari nazima?"

"Imezimika, Mama."

Akashusha pumzi ndefu.

"Basi mafuta yangu nasaidia."

Ile chupa ilikuwa bado mfukoni mwa koti langu, imejaa, na gunzi lake.

"Yalisaidia," nikauambia ukuta.