Kalunguyeye Aliyerudishwa Mara Saba

Nchi ya Zirando imelala ndani ya bakuli la vilima vya chokaa, na kwa miezi minane ya mwaka ukungu hulijaza bakuli hilo mpaka ukingoni, ukaingia mitaani, ukapanda ngazi, ukakaa mezani pamoja na wenye nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Nyumba ni nyeupe, barabara ni nyeupe, na hata nguo za rangi, zikianikwa nje wiki mbili, hufifia zikafanana na kila kitu kingine. Watu wa huko si wanyonge wala si wajinga; wamezoea tu kuzungumza kwa sauti ya chini na kushikana mikono wanapovuka njia, kwa kuwa hakuna aonaye hatua kumi mbele yake. Na kwa sababu macho yao yana njaa siku zote, kitu wanachokithamini kuliko vyote ni picha.

Picha za Zirando hutembea. Mchoraji humchora mnyama au mtu kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, akamchora tena mguu ukiwa umesogea kidogo, akamchora tena, maelfu kwa maelfu. Karatasi hizo huunganishwa na kuzungushwa kwenye gurudumu mbele ya taa kali, nyuma kabisa ya ukumbi, na taa hiyo huzirusha picha juu ya vichwa vya watazamaji mpaka kwenye shuka jeupe lililotandazwa ukutani. Kando ya shuka hukaa msemaji, ambaye humpa kila kiumbe sauti yake. Mchana kutwa, katika kumbi zisizo na madirisha, watu wa Zirando huenda kuitazama nyekundu, kijani na samawati, kisha hurudi ukunguni wakiwa wameshiba.

Katika nchi ya namna hiyo, mwenye taa ndiye mwenye nchi. Taa zote zilikuwa mikononi mwa Wakuu wa Tambi, walioitwa hivyo kwa tambi za taa, watu saba wenye majoho mazito na vidole laini, na mkubwa wao alikuwa Mtukufu Lumbesa. Jina lilimkaa sawasawa. Kama lile gunia linalojazwa likajaa, kisha likaongezewa kilemba juu, ndivyo alivyokuwa yeye: hakukiona kitu kilichotosha bila kutaka kukizidishia. Hakumpiga mtu wala hakumfunga mtu. Alikuwa mpole wa maneno, mwepesi wa kucheka, na aliyemchukiza aligundua tu kwamba taa ya mtaa wake haikuletewa mafuta mwezi huo, wala mwezi uliofuata.

Ndani ya mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mchoraji aitwaye Sikudhani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye madoa ya wino yasiyotoka kwenye kucha, na alikuwa na binti mmoja, Renzi, aliyefariki kwa homa akiwa na umri wa miaka saba. Baada ya mazishi Sikudhani hakulia mbele za watu. Alijifungia chumbani kwake miaka minne, na alipotoka alikuwa na hadithi moja.

Ilikuwa hadithi ya kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira, jina lake Tindi. Tindi anaumwa na baridi ya ukungu, na anasafiri na rafiki yake kobe kutafuta mahali penye joto. Wanapotea, wanagombana, wanapatana. Mwishoni wanafika ukingoni mwa bonde, penye mwanga mkubwa, na kobe anataka kuingia naye. Tindi anageuka na kumwambia, "Usinifuate. Ninakokwenda kuna joto." Halafu anaingia mwangani, na shuka lote linabaki jeupe kwa muda wa mtu kuvuta pumzi nane, kisha taa inazimwa.

Siku ya kwanza hakuna aliyepiga makofi. Watu walikaa, kisha wakainuka mmoja mmoja na kutoka wakiwa wameshikana mikono zaidi ya walivyoingia. Wajane walikwenda kuitazama mara tatu, mara nne. Wanaume ambao hawakuwa wamewataja ndugu zao waliokufa wakaanza kuwataja mezani. Msemaji aliyempa Tindi sauti, mtu mwenye koo la kukwaruza aitwaye Chwaya, alisimamishwa kila njiapanda na watu wasiotaka kitu, isipokuwa kumsikia akisema neno lolote lile.

Mtukufu Lumbesa naye aliitazama. Alitoka ukumbini amekunja uso, na walinzi wake wakadhani ameguswa.

"Mnyama huyu," alisema, "kwa nini ameachwa aondoke?"

Wiki ileile alimwita Sikudhani na kumtaka amrudishe Tindi. Sikudhani alijibu kwamba hadithi imeisha. Mtukufu akatabasamu, akamshukuru kwa kazi nzuri, akawaita wachoraji wengine kumi na wawili.

Tindi wa pili alikuwa mnene zaidi na miiba yake iling'aa. Alirudi kutoka mwangani bila kueleza kilichomrudisha, akampata kobe, wakaimba. Watu walifurika, foleni ilizunguka ukumbi na kupotelea ukunguni. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na mke. Mwaka wa nne alikuwa na watoto, kila mmoja na rangi yake, na siku hiyohiyo sanamu za watoto hao zikatokea madukani, na sura zao kwenye sabuni na kwenye mifuko ya unga. Katika kurudi kwake kwa tano Tindi aliwasifu Wakuu wa Tambi kwa jina, akieleza kwamba joto alilokuwa akilitafuta siku zote lilikuwa hapahapa, chini ya taa zao. Na kwa kuwa wale waliokumbuka hadithi ya kwanza walianza kuuliza maswali, Mtukufu aliagiza karatasi za Sikudhani zikusanywe na kufungiwa katika ghala lake, ili zisichakae, kama alivyosema.

Sikudhani hakwenda kuzitazama hizo nyingine. Chwaya ndiye aliyemletea habari, siku moja alipokuja kwake na kukaa mlangoni kama mtu asiye na hakika atakaribishwa.

"Ile ya pili niliikataa," alisema. "Wakampata mtu wa kuniigiza. Nilimsikia, Bi Sikudhani. Alimfanya Tindi kama mlevi. Nikaona bora niseme mwenyewe."

"Sikulaumu."

"Afadhali ungenilaumu. Siku hizi nasema yale maneno na sijui ni nani anayeyasema. Zamani nilikuwa namjua."

Sikudhani alimmiminia uji, wakanywa.

Lakini jambo lililomsumbua zaidi lilimkuta sokoni, kwa mwanamke muuza chumvi. Mwanamke huyo alimtambua kwa wino wa vidole vyake, akamkamata mkono.

"Dada, wewe ndiye uliyemfanya Tindi aondoke."

"Ni mimi."

"Mume wangu aliingia ukunguni kutafuta mbuzi. Hakurudi." Alisema hivyo huku akipima chumvi ya mteja mwingine, bila kuinua macho. "Ile yako niliitazama mara moja, sikuiweza tena. Aliporudi katika ile ya pili, mimi nilifurahi. Nilijua ni uongo. Nilifurahi hivyohivyo."

Sikudhani alirudi nyumbani polepole, na kwa siku nyingi aliyapindua maneno yale kichwani. Alikuwa ameamini kwamba mwisho wake ulikuwa wa kweli na miisho mingine ilikuwa wizi. Sasa alijiuliza kama hakuwa amewalazimisha watu wote wa Zirando wamuage Renzi pamoja naye, hata wale ambao hawakuwa tayari kumuaga mtu yeyote. Na alijiuliza jambo lingine, gumu zaidi: kama angeweza kumrudisha mwanawe namna hiyo, mnene, anayeng'aa, anayeimba anachoambiwa aimbe, je, angemkataa? Alikaa na swali hilo mpaka akawa na uhakika wa kitu kimoja tu. Angetaka, kwanza, mwanawe aulizwe.

Kurudi kwa sita kulileta ukumbi nusu mtupu. Watoto waliokua na Tindi walipiga miayo. Hakuna aliyelia wala kucheka, na baadhi walilala kwa kuwa mle ndani palikuwa na joto. Mtukufu Lumbesa aliliona hilo, na kwa mara ya pili akamwita Sikudhani.

Alimpokea katika chumba kilichokuwa na taa tisa mchana kweupe.

"Watu wanampenda," alisema. "Wamechoka na mikono ya wale wengine, lakini yeye bado wanampenda. Wanataka mkono wako."

"Wamekwambia?"

"Mimi huwa najua watu wanachotaka kabla hawajasema. Ndiyo kazi yangu." Alisogeza sahani ya tende mbele yake. "Mrudishe wewe, mara moja. Mimi nitakurudishia karatasi zako zote za kwanza, uwe nazo nyumbani."

Sikudhani alizitazama taa zile tisa, moja baada ya nyingine.

"Nitamrudisha," alisema. "Ila msemaji awe Chwaya, na maneno tupange mimi na yeye."

Mtukufu akakubali. Maneno hayakumshughulisha, alikuwa ameshaona kwamba watu hukumbuka rangi.

Sikudhani alichora kwa miezi kumi na mmoja. Mkaguzi wa Wakuu wa Tambi alikuja kila baada ya wiki tatu na kuzipitisha karatasi mbele ya mshumaa. Aliona Tindi yuleyule wa kwanza, mdogo, miiba yake ya kijivu, akitoka mwangani akiwa amechoka. Alimwona akiingia mjini, mji uliochorwa vizuri hata mkaguzi akautambua mlango wa shangazi yake, na akibisha kila mlango kwa adabu. Aliwaona watu wakimfungulia na kutikisa kichwa. Hakuona ubaya wowote. Mwishoni kabisa Tindi alipanda ngazi ndefu za nyumba kubwa yenye taa nyingi, akasimama na kuinua uso.

"Ndio mwisho?" mkaguzi aliuliza.

"Anafika kwenye nyumba kubwa," Sikudhani alisema. "Hapo ndipo safari yake inapofika."

Mkaguzi aliandika kwamba kazi ni nzuri na yenye heshima.

Siku ya kuonyeshwa, ukumbi ulijaa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Muuza chumvi alikuwepo. Wakuu wa Tambi walikaa mstari wa mbele, na katikati yao, juu ya jukwaa dogo lililowekwa ili kila mtu amwone, alikaa Mtukufu Lumbesa. Sikudhani alisimama nyuma kabisa, ubavuni mwa mzee mzungusha gurudumu, mahali penye harufu ya mafuta ya moto.

Taa ikawashwa. Tindi alitoka mwangani, na ukumbi mzima ukavuta pumzi, kwa sababu walimjua. Walijua papo hapo kwamba wale sita hawakuwa yeye. Alitembea taratibu, akitweta. Akabisha mlango wa kwanza, na Chwaya, kando ya shuka, akafungua kinywa na kuitoa ile sauti ya zamani ambayo hakuna aliyeisikia kwa miaka mingi.

"Samahani mwenye nyumba. Nilikuwa nimefika. Kulikuwa na joto. Ni wewe uliyeniita?"

Mwenye nyumba kwenye shuka akatikisa kichwa. Tindi akashukuru, akaenda mlango wa pili. "Samahani. Ni wewe uliyeniita?" Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua, kama mtu aliyeamshwa usingizini anavyotaka kujua kama kuna mgonjwa. Mlango wa kumi, wa ishirini. Mwanamke mmoja kati ya waliochorwa hakutikisa kichwa. Aliinama na kumgusa mnyama yule usoni, akamwachia njia, na pale kwenye kiti chake muuza chumvi alifunika mdomo kwa kanga.

Kisha zikaja zile ngazi ndefu. Tindi alizipanda moja moja, akafika juu, akainua uso wake kuelekea ukumbini, kuelekea mahali palepale palipokaa jukwaa dogo la mstari wa mbele.

"Samahani, Mtukufu," Chwaya alisema kwa sauti ileile. "Ni wewe uliyeniita?"

Gurudumu likafika karatasi ya mwisho na kusimama, na Tindi akabaki juu ya shuka, ameinua uso, anangoja.

Watu walingoja pamoja naye. Kwanza walitazama shuka, halafu, bila kuambiana, wakaanza kumtazama Lumbesa.

"Endelea," Mtukufu alimwambia mzungusha gurudumu bila kugeuka.

"Zimekwisha, Mtukufu."

"Basi zima taa."

Mzungusha gurudumu alimtazama Sikudhani. Sikudhani hakuzuia mkono wake wala hakuusukuma. Mzee yule akasimama hivyohivyo, mkono ukiwa karibu na tambi, na mkono haukushuka.

Ndipo Mtukufu Lumbesa alipoinuka ili atoke. Lakini jukwaa lilikuwa juu, na taa ilikuwa nyuma yake, na alipoinuka alikatiza mwanga. Kivuli chake, kipana, cheusi, kikaangukia shuka, mbele kabisa ya kalunguyeye, juu ya zile ngazi, kikawa ndiye mwenye nyumba aliyefungua mlango.

Ukumbi ukanong'ona. Alikiona naye. Alijaribu kusogea kushoto, na kivuli kikasogea, na ikaonekana kana kwamba mwenye nyumba anatafuta pa kupita asipate. Alitaka kuketi, lakini aliona kwamba mtu anayejificha mbele ya mnyama mdogo namna ile ataonekana na nchi nzima. Akabaki amesimama, mikono ikining'inia, na kwenye shuka lile kubwa kivuli kisicho na uso kilisimama mbele ya Tindi, kikiwa kimeulizwa.

Wapo wanaosema alijibu, na kwamba alisema "Ni mimi" kwa sauti ndogo ambayo waliokuwa mstari wa mbele tu waliisikia. Wapo wanaosema hakujibu, kwamba tambi ndiyo iliyokwisha yenyewe. Chwaya, akiulizwa, husema yeye alikuwa msemaji wa Tindi peke yake. Linalokubaliwa na wote ni kwamba hakuna aliyeondoka ukumbini. Watu walikaa vitini mwao, mikono mapajani, wakikitazama kile kivuli ili waone kitafanya nini.