Rimoti kwenye Msumari wa Mkasi

Waliokuwepo alasiri ile katika chumba cha kushonea ni hawa: mwenye chumba, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pindo kwa kuwa hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililokwenda upande; mumewe, fundi bomba, aliyekalia kiti cha wateja huku gundi ya mabomba ikiwa bado imemganda vidoleni; mavyaa wake, yaani mama wa huyo mume, aliyepewa kiti chenye mto; shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza simu aitwaye Chaji kwa sababu hajawahi kuonekana amechoka; na Fundi Waya, mtengenezaji na muuzaji wa magari ya rimoti, aliyesimama karibu na mlango kama mteja anayesubiri kupimwa. Juu ya meza ya kukatia, mahali ambapo kwa kawaida hulala vitambaa, yalikuwepo magari mawili.

Sababu ya kikao hicho ilikuwa harusi. Ukoo wa mumewe ulikuwa umemwoza binti, na Mama Pindo ndiye aliyewavalisha wote, kuanzia bibi harusi mwenyewe hadi wapambe wadogo waliokuwa wakirefuka kila walipokuja kujaribisha. Alikataa kulipwa. Ukoo ukaona haya, ukaamua apewe zawadi ya kueleweka, na mavyaa akatumwa kumuuliza moyo wake unataka nini. Wengi walitarajia kabati. Chaji alikuwa tayari ameulizia bei ya jokofu. Mama Pindo alitoa pini mdomoni, akajibu kwa sauti ileile anayoitumia kuulizia urefu wa mkono wa shati, kwamba anataka gari la rimoti, lile la kukimbia kwenye vumbi na matope.

"La mtoto gani?" mavyaa aliuliza.

"La kwangu, mama."

Jibu hilo lilitembea haraka kuliko lile gari lenyewe. Kazini, wenzake walimwuliza fundi bomba kwa upole kama nyumbani ni kwema, na yeye, ambaye hakuwa na maelezo, alijibu kwamba ni kwema sana, kisha akaingiza kichwa chini ya sinki la watu na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

Lakini hamu ile haikuwa ya jana wala juzi. Dirisha lililo mbele ya cherehani ya Mama Pindo linatazama uwanja ulio nyuma ya tanuri la matofali, na kila Jumamosi watu wazima na akili zao hukusanyika pale, rimoti mkononi, kukimbiza magari yao juu ya vifusi na ndani ya madimbwi. Kwa miaka mingi yeye alikuwa ameinamisha kichwa na kutega masikio. Alikuwa akijua kwa mlio tu gari lipi gia yake imekwisha meno na lipi dereva wake ana papara. Kitu kimoja tu ndicho hakukijua: jinsi mkono unavyojisikia pale gari linapotii.

Tena, katika nyumba ile, kila alichowahi kukiita chake kilikuwa na njia ya kuwa cha wote. Mwavuli wake ulikuwa wa yeyote anayewahi mlango mvua ikinyesha. Simu yake ilipigiwa na watu wasiomtaka yeye. Kilichosalimika kilikuwa kimoja, nacho ni mkasi wake mkubwa wa kukatia, uliotundikwa kwenye msumari juu ya cherehani. Mkasi huo haukati karatasi, haukati uzi wa kufungia mzigo, na haushikwi na mtu asiyeomba. Zamani mumewe aliwahi kuuchukua kimya kimya akakatia mpira wa bomba. Hadi leo akipita chini ya msumari ule hutazama pembeni.

Kwa hiyo Chaji alipoliweka gari kubwa la bluu mbele ya lile dogo la kijivu, akasema, "Shemeji, hapa hakuna cha kuchagua. Chukua bluu. Tutalikimbiza mimi na wewe mpaka watu washike vichwa," Mama Pindo alitabasamu kwa mdomo tu. Alilijua gari lile litakavyoishi. Litalala kwake, lakini litatembea mkononi mwa Chaji, na yeye atakuwa mtazamaji kama zamani, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii hakutakuwa na kioo cha dirisha katikati.

"Fundi," alimgeukia muuzaji, "ungekuwa ndiyo unaanza, ungechukua lipi?"

"Mimi nauza yote mawili, mama," alijibu Fundi Waya. "Nikikuchagulia, likikuudhi utakuja kuniamsha mimi. Nitakwambia tu yalivyo. La bluu lina mota kali, ukiligusa limefika. Hili la kijivu ni zito kwa mwendo, ila linavuta kwa magurudumu yote manne, na likiumia unalifungua lote kwa bisibisi moja."

Mama Pindo aliyapindua magari yote mawili chali, kwa sababu hata nguo ya dukani yeye huitazama kwa ndani kwanza. Alivuta magurudumu, akabonyeza springi, akapitisha kidole mahali vipande vinapoungana.

"Anatafuta mshono," mumewe alinong'ona.

"Mwache," alisema mavyaa. "Na tusikilizane. Zawadi ni ya ukoo, lakini atakayeishi nayo ni yeye. Twende uwanjani, ajaribu yote mawili, kisha atatamka mwenyewe. Atakalolitamka limekwisha, hakuna kikao cha pili."

Wakatoka kwa mpangilio huu: Fundi Waya na magari, Chaji na maneno, fundi bomba na kiti cha mama yake kichwani. Mama Pindo alikuwa wa mwisho, akiwa ameutia mkasi wake katika mfuko wa aproni kama kawaida yake anapotoka nje, na kwapani ameshika kifurushi ambacho hakumwonyesha mtu.

Chaji aliomba aanze yeye na la bluu, "ili shemeji aone kwanza", na ukweli usemwe, alilijua. Gari lilifyatuka, likapanda kifusi, likaelea hewani kana kwamba limesahau kushuka, kisha likatua kwa magurudumu yote na kuendelea na safari yake. Mavyaa aliinuka nusu kwenye kiti.

"Hilo lina wazimu," alisema, na ilikuwa sifa.

Hata Mama Pindo lilimpendeza. Alipoipokea rimoti, alishika usukani mdogo kwa mkono wa kulia, na kitufe cha mwendo akakivuta kwa kidole taratibu, kama anavyokanyaga pedali ya cherehani akianza kushona hariri. Haikusaidia. Kidogo kwake kilikuwa kingi kwa gari. Lilimponyoka, likaenda mbali, akafanikiwa kuligeuza. Lakini lilipokuwa likirudi upande wake alizungusha usukani kulia, nalo likaenda kushoto moja kwa moja hadi kwenye rundo la matofali. Likabaki chali, magurudumu yakizunguka hewani.

"Likikupa mgongo, kulia ni kulia," Fundi Waya alieleza huku akiliokota. "Likikugeuzia uso, vinabadilishana. Kila anayeanza hupigwa hapo."

"Usijali, shemeji," alisema Chaji. "Ukifika kwenye kona unanipasia mimi."

Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mama Pindo alirudisha rimoti, akafungua kifurushi chake.

Ndani mlikuwa na koti. Wiki nzima, katikati ya kazi za watu, alikuwa amelishona kwa turubai jepesi: lina mabega, lina lastiki kwenye pindo, na ncha zote zimekunjwa mara mbili, ili matope yasilifikie gari atakalolipata. Vipimo alikuwa amevichukua kwa macho, kupitia dirishani. Alilivisha gari la kijivu, na koti likakaa mwilini bila kikunjo hata kimoja.

"Hebu lione," alisema mavyaa. "Limevaa kunishinda."

Hata Fundi Waya alipapasa pindo, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kama kulikuwa na neno alilotaka kusema, kazi ile safi ilimfunga mdomo.

Rimoti ikiwa mkononi mwa Mama Pindo, gari la kijivu liliondoka bila mbwembwe. Halikuruka. Lilipanda kifusi kwa kukishika, gurudumu baada ya gurudumu, likashuka upande wa pili, likaingia kwenye dimbwi hadi mabegani na kutoka likichuruzika maji. Na hapo ndipo Mama Pindo alipokijua kile ambacho hakuwa amekijua. Alipovuta kidole kidogo, gari lilikwenda kidogo. Alipoacha, liliacha. Uso wake ulilegea namna ambayo mumewe hakuwa ameiona tangu siku alipofungua chumba cha kushonea.

Kisha gari likaanza kupunguza mwendo. Likasitasita kama mzee anayetafuta miwani, likasimama. Harufu ya kitu kilichoungua ikawafikia.

Fundi Waya alilifunua koti na kuondoa mkono haraka. "Mota inachemka. Mama, koti ni zuri, sina la kusema. Lakini umemvalisha mtu koti la baridi, kisha ukamwambia akimbie juani."

Chaji alicheka mpaka akachutama. "Jamani, shemeji. Gari limepata homa kwa ajili ya ushonaji."

"Chaji," alisema fundi bomba, "nani alishona hiyo suruali uliyoivaa?"

Chaji aliitazama suruali yake, kicheko kikapungua.

Mama Pindo alikuwa amepata joto usoni. Kosa lile hakuna mwingine ambaye angelifanya. Lilihitaji fundi mwenye mkono mzuri kiasi cha kutoacha hata mwanya wa hewa kuingia. Alisimama kidogo akilitazama koti lake kama mzazi aliyeitwa shuleni. Kisha akatoa mkasi.

"Limeungua kabisa?" aliuliza.

"Hapana, limewahi kusimama. Liache lipoe."

"Basi lipoe nikiwa na kazi." Alikaa juu ya tofali, akalipima koti kwa vidole, akakata dirisha juu ya mota, akakata jingine nyuma, kwa mkato mmoja mmoja usiorudiwa. "Hapa nitatia wavu. Hewa ipite, tope libaki nje."

Alipokuwa akikata, alilipindua koti ndani nje ili aone mishono, kama alivyozoea. Bega la kushoto likawa kulia. Mikono yake ikatulia. Ni mara ngapi amekata nguo kwa upande wa nyuma wa kitambaa, akijua bila kufikiri kwamba mkono anaouona kulia utavaliwa kushoto? Hakuwa amewahi kukosea hilo tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji.

"Kumbe limegeuzwa tu," alisema, si kwa mtu yeyote.

"Nini kimegeuzwa?" mumewe aliuliza.

"Gari. Likija kwangu limegeuzwa ndani nje."

Mumewe hakuelewa, ila alikubali, kwa kuwa sauti ile aliijua.

Mota ilipopoa, Mama Pindo aliweka koti mahali pake, akashika rimoti, akaliondoa gari. Lilikwenda hadi mwisho wa uwanja, likazunguka rundo la matofali, likageuza uso. Chaji alinyoosha mkono, tayari kupokea. Mkono wake ulibaki hewani. Mama Pindo hakumtazama; alikuwa akilitazama gari kama kitambaa kilicholala kifudifudi mezani. Akazungusha usukani kushoto, gari likakata kulia, sawasawa na alivyotaka, likapenya kati ya matofali na dimbwi. Kona ya pili ilimyumbisha kidogo, akairekebisha. Lilifika polepole, kwa heshima zote, likasimama mbele ya viatu vya mavyaa bila kuvigusa.

Fundi bomba alijifuta kiganja kwenye suruali kama mtu anayejiandaa kusalimiana na mgeni mkubwa, akasema kwa Fundi Waya, kwa sauti iliyotaka kusikika hadi kazini kwake, "Huyo ni mke wangu."

"Nimeona," alisema Fundi Waya.

"Lakini shemeji," Chaji alijaribu kwa mara ya mwisho, "bila utani, la bluu ndiyo gari."

"Ni kweli," Mama Pindo alijibu. "La bluu ni kali kuliko hili, na wewe unaliweza. Sina ubishi."

"Sasa tamka, mwanangu," alisema mavyaa. "Tulikubaliana."

Mama Pindo aliliokota gari la kijivu, akalipangusa tope kwa pembe ya aproni, akalishika kifuani. Alisimama wima, akahakikisha wote wanne wanamtazama.

"Nachukua hili dogo," alisema. "Lile linataka nilifuate. Hili linanifuata, na likizima nitalifungua mwenyewe nijue lina nini. Jumamosi ijayo naingia uwanjani pamoja na wengine. Anayetaka nguo yake siku hiyo aje Ijumaa. Na rimoti itakaa kwenye msumari mmoja na mkasi wangu. Sheria za mkasi mnazijua."

Fundi bomba alitazama pembeni. Chaji alirudisha mkono wake mfukoni.

"Tunazijua," walijibu.