Saa Mbili ya Mpanda

Kompyuta ya chama cha wafuga nyuki pale Mpanda ilikuwa ikisoma saa za Kiswahili. Jua likichomoza, yenyewe ilisema saa kumi na mbili. Ngusa, karani wa mashine hiyo, ndiye aliyeirudisha nyuma kwa saa sita kwa mkono wake, na hakuna mtu aliyeingia ofisini asielezwe.

"Waache Wazungu wahesabu usiku wa manane kuwa ndiyo mwanzo wa siku," alikuwa akisema. "Hapa siku inaanza na jua."

Mashine ilitumia programu ya Linux, iliyokuja bure kwenye sidii, na iliunganishwa na redio ya mawasiliano. Kila asubuhi saa mbili iliita Tabora yenyewe na kupeleka barua zote zilizoandikwa. Jioni, mtunza ghala Kasimu alizima jenereta, ofisi ikalala.

Mvua za mwaka tisini na nane zilipokuwa zikichapa, ililetwa sidii ya toleo jipya. Ngusa alivipandisha vifurushi vyote vya programu siku ya Jumanne, akapiga Tabora mara moja kwa majaribio, akajibiwa. Aliona amemaliza. Jumatano akaenda Kasekese kwa jambo lake mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa Theopista, msichana aliyempenda. Alikuwa Tabora akisomea uuguzi, na baba yake alikuwa amesema wazi: watu wengine wanakuja Jumamosi kumposa. Kama ukoo wa Ngusa una nia, neno lifike kabla ya Ijumaa jioni. Bila hivyo, asilaumiwe.

Baba mdogo Mwandu alimsikiliza, akatazama ng'ombe wake waliosimama kwenye tope, akavuta pumzi.

"Nimekubali. Nitawatoa. Sasa wewe panda treni leo hii, ukaseme kwa mdomo wako."

"Baba mdogo, treni ya nini? Mashine yangu itafika kabla treni haijapiga honi."

"Mashine ina mdomo?"

"Ina zaidi ya mdomo. Ina mashairi."

Mwandu alicheka hadi akakohoa. "Haya, mshairi. Mwanamke akikuponyoka usije kunililia hapa."

Alirudi Mpanda Alhamisi alasiri, suruali imejaa tope hadi magotini, akaketi bila hata kunywa maji. Aliandika kwanza habari yenyewe kwa ukamilifu, kwamba ng'ombe wapo na wazee wanakuja, kisha akamalizia hivi:

Ng'ombe wametoka zizi, baba yako na angoje;
Mimi si wa upuuzi, wengine wote wasije.

Kasimu alisoma juu ya bega lake. "Wewe unaposa au unagombana?"

"Vyote viwili, Kasimu. Vyote viwili."

Akabonyeza. Mashine ikajibu kwamba barua imepokelewa na itaondoka saa 2. Vizuri kabisa. Asubuhi ya Ijumaa, saa mbili, dada Matilda wa ofisi ya Tabora angeitoa kwenye mashine yake na kumpa Theopista mkononi.

Ijumaa Ngusa alishinda Inyonga kupokea asali ya wanachama, akiimba njia nzima.

Jumatatu ilikuwa siku ya kuzungumza kwa sauti redioni, kila mmoja akifunga zamu yake kwa neno ovaa. Matilda ndiye aliyeanza.

"Mpanda, mko hai nyie? Tangu Jumanne hatujaona barua yenu hata moja. Ovaa."

Ngusa alisogea karibu na redio. "Dada Matilda, Theopista amepata yangu? Ovaa."

Sauti ya Matilda ilirudi ikikwaruza.

"Alikaa hapa Ijumaa mpaka nafunga mlango, mdogo wangu. Nilipochukua ufunguo akaniambia, ngoja kidogo, Ngusa hawezi kunyamaza. Nikangoja naye. Jumamosi wale watu walikuja, na mzee amepokea mahari. Pole. Ovaa."

Kasimu alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio.

Barua aliikuta palepale alipoiacha, nzima, haijapungua hata nukta. Akaiuliza mashine saa ngapi. Nje watu walikuwa wakinywa chai ya saa mbili asubuhi. Mashine ikasema saa nane. Ndipo alipoelewa. Kifurushi kipya cha programu ya barua, siku ile ya majaribio, kilikuwa kimeisawazisha saa ya mashine na ile ya Tabora, ya Kizungu, bila kuuliza mtu. Saa mbili yake imekuwa ya usiku wa manane, wakati jenereta imezimwa na mashine ni chuma baridi.

Kwenye sidii kulikuwa na maelekezo ya kuwaandikia watengenezaji wa programu ukikuta hitilafu. Ngusa akaandika. Mara ya kwanza aliwaita majambazi. Alisema saa yake haikuwa mbovu, saa yake ilikuwa ya watu wa Mpanda, na nani aliwatuma? Aliandika jina la Theopista. Kisha akasoma alichoandika, akakumbuka treni aliyoikataa, akafuta yote.

Mara ya pili alijibu maswali yao tu. Ulifanya nini? Nilipandisha toleo. Ulitegemea nini? Barua iondoke asubuhi. Kilitokea nini? Haikuondoka. Unapendekeza nini? Kifurushi kiulize kabla ya kugusa saa ya mtu.

Lilibaki swali la uzito. Maelekezo yalisema hitilafu ni kubwa pale tu kitu kilichohifadhiwa ndani ya mashine kinapopotea.

Kasimu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. "Andika kubwa, bwana. Nani atakuuliza?"

Ngusa aliifungua tena ile barua, akaipitia kuanzia salamu hadi ubeti. Neno lilikuwepo, ng'ombe walikuwepo, kila herufi mahali pake.

"Hakuna kilichopotea humu ndani," alisema.

Akaandika: ndogo. Akaituma taarifa hiyo kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kuingoja mpaka ilipoondoka.