Udi wa Asubuhi ya Safari

Achieng alimshika Taghreed mkono kwa mikono yake miwili na kumpa pole kwa msiba wa mama. Taghreed alikuwa amemwacha mama yake, Bi Masouda, nyumbani Mabela nusu saa tu iliyopita, mzima wa afya, akikaanga sambusa na kuwasema majirani.

"Mama yangu hajafa," alisema.

"Hajakufa?" Achieng alizitazama karatasi za muziki alizokuwa nazo. "Sasa miezi hii yote nimekuwa nikimlilia nani?"

Achieng alikuwa Mkenya, mwalimu wa muziki pale Azaiba, Maskati, na kesho yake jioni ndiye angeimba kwenye ukumbi mdogo wa shule yake. Wimbo mmoja kati ya atakazoimba ulikuwa na maneno ya Taghreed. Kwa kazi, Taghreed ni daktari wa meno. Lakini tangu aliposoma Uingereza alishikwa na tabia ya kuandika mashairi kwa Kiingereza, na hajapona mpaka leo. Shairi lake alilolipenda kuliko yote lilieleza asubuhi aliyoondoka kwenda huko masomoni. Mama kamtandazia nguo zake juu ya tenga, chini chetezo kinafuka udi, nje gari la kumpeleka uwanja wa ndege linangoja. Na mama hanyamazi kwa mzaha. Anasema Waingereza watainusa Maskati kabla hawajamwona mgeni wao. Kwa Taghreed, lile lilikuwa shairi la furaha tupu.

Bwana mmoja wa Poland, mtunzi wa muziki ambaye kazi yake ni kuyachukua mashairi mapya ya Kiingereza na kuyatilia sauti na piano, alilisoma katika jarida akaomba ruhusa. Alipewa kabla hajamaliza kuomba. Sasa alikuwa amefika Maskati kwa ajili ya onyesho, na hayo yalikuwa mazoezi ya mwisho.

Achieng aliimba. Piano ilikwenda polepole, sauti nzito zikifuatana moja moja, na juu yake sauti ya Achieng ikapanda kama mtu anayeita kwenye nyumba isiyo na watu. Yalikuwa matanga kamili. Tena ulikuwa wimbo mzuri ajabu, na hilo ndilo lililomuudhi Taghreed zaidi.

Alipomuuliza mtunzi, bwana yule alijibu bila wasiwasi. Moshi wa ubani, nguo zimetandazwa, mwanamke kainama, gari mlangoni: si maziko hayo? Kwao ubani ni wa kanisani, na yeye aliunusa mara ya mwisho nyuma ya jeneza la mama yake. Taghreed akamweleza kwamba huku watu hufukiza nguo hata wakienda kula biriani. Masikio yalimwiva yule bwana. Aliomba radhi, akasema wimbo atauondoa, maana muda wa kutunga mwingine hakuna. Alisema kwa unyoofu hata Taghreed hakupata pa kukasirikia.

Ila tatizo lilikuwa Bi Masouda mwenyewe. Huyo ni mtu asiyekubali umuage akiwa amelala, kwamba ni uchuro. Leo asikie amezikwa yu hai, mbele za watu, tena kwa piano? Na watu hao alikwisha kuwaalika. Kuanzia Mabela mpaka Sib hapakuwa na ndugu ambaye hajaambiwa kwamba Bi Masouda katungiwa wimbo na Mzungu, wimbo wa asubuhi aliyomfukizia mwanawe nguo za safari.

Jioni ile Taghreed alijaribu kumdokeza kwamba huenda wimbo usiimbwe, mambo ya ukumbi hayo. Mama yake aliweka kikombe chini.

"Wallahi sitaki kusikia. Bashayer anakuja na wakwe zake. Nnawaambia nini mie?"

Taghreed hakulala vizuri. Akiuondoa wimbo, mama ataaibika mbele ya wifi yake Bashayer, ambaye hasahau kitu. Akiuacha, mama atajisikia akililiwa. Mwishowe alijipa moyo kwamba Kiingereza cha mama ni cha hospitali na dukani, kwa hiyo atadhani ndivyo Wazungu wanavyoimba. Asubuhi alimpigia simu mtunzi kumwambia auache wimbo kama ulivyo. Alijiona mwongo, na alikuwa mwongo.

Bi Masouda alikaa safu ya mbele, Taghreed kushoto, Bashayer na wakwe kulia, wote wakinukia udi mpaka mpiga piano akageuka. Zamu ya wimbo wao ilipofika mama alijiweka sawa kama mama wa bibi harusi. Achieng akaanza. Taghreed hakutazama jukwaani hata kidogo, macho yote kwa mama.

Tabasamu lilikaa kidogo, kisha likaondoka. Bi Masouda aliinamisha kichwa na kuuvuta mtandio hadi machoni, na mabega yakaanza kumtetemeka. Taghreed hakuweza kungoja wimbo uishe. Alimsogelea sikioni.

"Mama, nisamehe. Mzungu kakosea. Kadhani umekufa."

"Nyamaza nsikie."

Wimbo ulikwisha na watu wakapiga makofi. Bi Masouda alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, bila haraka, Bashayer akimkodolea macho.

"Nani alomwambia?" aliuliza.

"Alomwambia nini, mama?"

"Asubuhi ile. Mie nlikuwa nnalia tangu alfajiri. Udi nliutia mwingi makusudi, ukiniona macho mekundu udhani moshi. Na mzaha wote ule, mwanangu, nlijua nkinyamaza tu utanisikia nnalia, na ukinisikia huendi."

Miaka yote Taghreed aliibeba asubuhi ile kama siku mama yake alipocheka kuliko siku zote. "Hapana alomwambia," alisema. "Alikosea tu."

"Hakukosea."

Machozi yalimtoka Taghreed palepale, mbele ya Bashayer na wakwe zake, wala hakujali. Alikuwa na raha ambayo hajapata kuwa nayo. Mama yake alimshika mkono, akaupakata mapajani kwake.

"Hebu mwambie yule binti aurudie," alisema. "Na mara hii nambie maneno yake, moja moja."