Pampu Isiyovuja

Mtu akifika miaka sabini na minne na bado anabishana na mwanawe kuhusu gari, ujue ugomvi wenyewe si wa gari. Mzee Gasketi hakutaka kulijua hilo. Jina alipewa na mafundi wenzake zamani, kwa sababu hakuwahi kununua gasketi ya dukani, ile karatasi ngumu ya kuzuia maji na mafuta kuvuja kwenye maungio ya injini. Alizikata mwenyewe kwa mkono, na zilikaa. Kwa kiburi cha kazi, hakuna aliyemfikia.

Mwanawe wa pekee, mwalimu wa sekondari anayeishi mwendo wa saa tatu kutoka hapo, alipiga simu Jumatano.

"Baba, mimi silali. Juzi gari limekuchemkia njiani ukienda kliniki, umekaa juani mchana kutwa. Njoo ukae na sisi."

"Ni pampu ya maji tu hiyo. Nitaibadilisha."

"Haya. Jumamosi nakuja, tunalipeleka mpaka kliniki na kurudi. Likirudi salama, kaa kwako, sitakusumbua tena. Likichemka, tunafunga nyumba tunaondoka wote."

"Tumekubaliana," mzee akajibu, kifua mbele, kama kijana aliyechokozwa mbele ya wachumba.

Alhamisi asubuhi, bandani kwake, akafungua boneti. Gari lilikuwa na umri mkubwa kuliko mwanawe. Alilinunua likiwa chakavu mwaka aliooa, akalifufua kipande kwa kipande. Akamwaga maji kwenye beseni, akang'oa rejeta, feni na mkanda. Pampu ikajitokeza, chini yake michirizi ya kutu. Akaishika na kuitikisa, ikacheza kama jino bovu. Beringi kwisha.

"Kumi na tatu," akasema, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Mkono ukabaki hewani.

Kwa miaka zaidi ya arobaini mkewe alikuwa akikaa nyuma yake humo bandani, juu ya kigoda, akichambua mboga na kusengenya majirani. Hakuwa malaika, Mungu amrehemu, umbea aliupenda. Lakini neno lilipomtoka mumewe tu, spana ilikuwa kiganjani. Walimzika mwaka juzi. Ulimi wa mzee ulikuwa bado haujapata habari.

Akageuka, akaitafuta spana mwenyewe, akaendelea. Hilo la mkono lilikuwa dogo. Kosa lenyewe lilikuja kimya kimya.

Pampu ile hufungwa kwa bolti sita, na hazilingani: mbili ndefu, tatu za kati, moja fupi. Mkewe alikuwa na utaratibu wake. Alichora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi, akatoboa matundu sita, na kila bolti iliyotoka aliichomeka mahali pake. Mzee kazi yake ilikuwa kufungua na kurusha nyuma, kama mtu anayekula karanga na kutupa maganda. Basi siku hiyo akarusha vilevile. Bolti zikaanguka sakafuni, akaziokota, akazitia zote kwenye bakuli moja la mafuta ya taa, na wala hakustuka.

Alasiri akakata gasketi. Aliweka karatasi juu ya uso wa pampu mpya, akagonga pembezoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajikata lenyewe. Akapachika, akafunga bolti, akarudisha vyote, akajaza maji. Hakuwa hata amewasha injini, maji yakaanza kutiririka upande wa kushoto.

Hapo ndipo alipoelewa. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi, ncha inagota mwisho. Fundi anaona imekaza, kumbe haijabana kitu. Na ipi inakaa wapi, hakujua. Gari lake mwenyewe, pampu ya nne hiyo kuibadilisha, na hakujua! Siku zote alikuwa amejisifu kwamba kazi ile ni yake, kumbe nusu yake ilikuwa imekaa kwenye kigoda. Akakaa juu ya ndoo akalia. Tuseme ukweli, alilia sana, na hakukuwa na mtu wa kumficha machozi.

Ijumaa akaanza upya. Alipima kina cha kila tundu kwa ujiti wa fagio, akalinganisha na bolti moja moja, akakata gasketi nyingine. Kufikia saa tisa injini ilikuwa inanguruma na chini pakavu. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini sikioni, akasikiliza. Beringi ilikuwa tulivu kabisa.

Alipozima injini, nyumba nayo ikanyamaza. Chai ya kikombe kimoja. Kiti kimoja kilichovutwa mezani. Ndipo swali likamjia: hivi napigania kubaki na nani hapa?

Akarudi bandani, akapeleka spana kwenye bolti ya chini kabisa, ile isiyoonekana. Robo mzunguko tu, na kabla ya kliniki gari lingekuwa linatoa mvuke. Lakini mkono ule haukuwahi kuacha bolti legevu kwa makusudi, na siku hiyo pia ulikataa. Badala ya kulegeza, ukakaza. Akaifuta spana, akaenda kulala mapema.

Jumamosi mwanawe alifika saa nne, akaegesha gari lake nje na kukaa mwenyewe kwenye usukani wa lile kuukuu. Wakaenda kliniki, wakarudi. Sindano ya geji ya joto ilikaa katikati kama imegundishwa. Waliporudi, mwana akafungua boneti, akainama na kumulika kwa simu, akamulika tena.

"Hakuna hata tone," akasema.

"Hakuna."

"Na breki je?"

"Breki nzima."

"Taa? Klachi? Hakuna kingine kinachokusumbua kabisa, baba?"

Aliuliza kama mtu anayetafuta ufunguo aliodondosha. Mzee akamtazama, kisha akatazama gari la mwanawe pale nje. Kiti cha nyuma kilijaa maboksi matupu, yamekunjwa na kufungwa kamba.

"Maboksi ya nini hayo?"

Mwana akajikuna shingo. "Nilidhani tutafunga vyombo. Mkweo ameshapaka chumba rangi. Wajukuu zako wamegombana wiki nzima nani atakaa na babu." Akacheka kidogo, vibaya. "Lakini ahadi ni deni. Umeshinda, baba. Au gari lina shida ambayo hujaniambia?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja, na mzee alilijua. Alifungua mdomo alitoe. Lakini alikuwa ameulizwa kuhusu gari, na ukimuuliza Mzee Gasketi kuhusu gari, fundi hujibu kabla ya baba.

"Shida gani? Gari hili hata leo nalipeleka mpakani na kurudi."

"Basi hongera," mwana akasema, akamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake. Akanywa chai, akatengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa inalia, akakosa kisingizio kingine, akaaga.

Mzee alisimama nje akipunga mkono mpaka gari lenye maboksi likakata kona.

"Nichukue," akasema, kwa sauti kabisa, na barabara ilikuwa tupu.

Simu ilikuwa mfukoni. Akaitoa, akalitafuta jina la mwanawe, akaliangalia kwa muda. Kisha akairudisha. Mtoto anaendesha, akajiambia, si vizuri kumpigia mtu aliye barabarani.