Panya Mzee Aliyejifunza Kulala

Mtu akiniambia panya ni wachafu, namuuliza kama amewahi kukaa nao. Mimi nawasafishia vizimba kila siku katika chuo kimoja huku Kericho, na nawajua wanaume wasiojisafisha hata nusu ya panya. Mmoja nimezaa naye.

Daktari Chepkurui ndiye mwenye panya hao. Anapima damu yao. Nilimsumbua mpaka akanieleza. Mwilini mwa kila mnyama, alisema, kuna homoni ya wasiwasi, ile inayokuamsha ukahangaikie maisha. Kwa panya kijana inapanda jioni, maana panya ni mtu wa shifti ya usiku, na kukikucha inashuka, naye anatulia. Kwa panya mzee haishuki vizuri. Inabaki juu kutwa nzima, hata kama hakuna paka wala njaa.

Niliposikia hivyo niliegemea fagio langu. Ni kama alikuwa ananieleza habari za mume wangu.

Ogoti alichochea moto wa boila ya kiwanda cha chai mpaka akastaafu. Yeye Mkisii, mimi Mjaluo, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa. Zamani alikuwa mtu wa kulala popote, hata kanisani mahubiri yakiendelea. Siku hizi hapumziki. Asubuhi anavaa gambuti zake za kazini, mchana anavaa gambuti, eti moto unazimika na majani ya watu yanaoza. Nikimwambia boila ina vijana wake sasa, ananitazama kana kwamba mimi ni mwizi. Ameshatoroka zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho waliokuwa wakichuma chai walimwokota mtaroni, goti limechanika. Mtoto wetu Phelix akasema kwa simu kwamba baba akitoroka tena, atakuja amfungie chumbani kwa kufuli. Phelix si mtoto mbaya. Akisema kitu, anakifanya, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Hapo ndipo daktari alipoanza jaribio jipya. Panya wazee waliwekewa taa kwa saa zake, giza kwa saa zake, na chakula kwa wakati ule ule kila siku, aone kama homoni yao itarudi kupanda na kushuka. Nami nikafanya vivyo hivyo nyumbani. Mfa maji haachi kutapatapa. Alfajiri nilifungua pazia na kumpa uji. Mchana nilikuja mbio kutoka chuoni, tukala, nikateremsha pazia. Jioni tulikula mapema, nikazima taa. Gambuti nilizificha nyuma ya gunia la mahindi. Kila nilipomlaza nilimwambia, "Baba Phelix, lala. Usiamke mpaka nikuambie."

Kule chuoni kulikuwa na panya mmoja wa sikio lililokatika, mzee kuliko wenzake, ambaye alikuwa akizunguka kizimbani mchana kutwa. Akaanza kujikunja pembeni, kimya. Na nyumbani Ogoti naye akaanza kulala mchana, macho yamefungwa, mikono kifuani. Jamani, nilifurahi. Niliosha vyombo nikiimba. Nilimpigia Phelix nikamwambia kufuli yake aitumie kwa kuku.

Jana majibu ya damu yalitoka. Chepkurui aliniita mezani kwake, akavua miwani.

"Mama, hao wazee hawajabadilika," alisema. "Hata kidogo."

Nilimwambia haiwezekani, yule wa sikio amejifunza kulala, nimemwona kwa macho yangu.

"Huyo ndiye yuko vibaya kuliko wote. Amenyamaza tu. Homoni yake iko juu asubuhi, iko juu jioni. Kulala si kutulia, mama."

Aliniambia pia kwamba jaribio limekwisha, na kesho panya wazee watadungwa sindano ya mwisho. Nilipokuwa nikipanga vizimba nilimtoa yule wa sikio nikamshika. Alitulia kabisa mkononi mwangu, lakini chini ya kidole moyo wake ulikuwa unatetemeka.

Nilienda nyumbani bila kuaga. Pazia lilikuwa chini kama nilivyoliacha. Ogoti alikuwa amelala chali, kimya, macho yamefungwa. Niliketi kitandani nikaweka mkono kifuani pake. Shati lilikuwa limelowa jasho, na moyo ulikuwa unakwenda mbio kama wa mtu aliyetoka kupanda mlima na gunia mgongoni.

Akafungua macho mara moja. Hakuwa na usingizi hata chembe.

"Nimelala vile ulisema, Mama Phelix," alininong'oneza. "Siku zote nimelala. Sasa naweza enda? Moto unazima."

Neno nililokuwa nalo ni lile lile. Nikamwambia alale, na akafunga macho upesi, kama mtoto anayeogopa kuchapwa.